Duka Lenu la Bei Chee Hapa Lugoba

Kwako mwanangu Yunus,

Marahaba. Mimi mzima, mama yako mzima, na mbuzi kazaa mapacha.

Kampuni yenu ya bei chee imefungua duka Ubena, na sasa Lugoba, mbele ya duka langu! Watu wanasema wewe ndiye unayeichagulia miji ya kufungua maduka. Nikawajibu, "Waongo! Yunus hawezi." Miaka arobaini mji huu umekunywa chai kwa sukari yangu. Leo wananunua kwenu, kisha wanakuja kupumzika barazani kwangu na mifuko yenu, wananiomba maji!

Jana mama yako naye kaja na mfuko. Nikamfokea.

"Yunus mwenyewe kanipigia," akasema. "Lugoba kaichagua yeye."

Duka sifungi. Njoo uniambie mwenyewe, hapa barazani.

Baba yako,
Mtoro Kibwana, mwenye duka