Kirusi Kilichoshuka Darini

Jumatatu, 6 Oktoba
Mikono imechubuka kwa kunawa. Vijiti vya sampuli za leo vimeshaingia kwenye friji ya maabara. Faustin, mwenzangu anayenasa popo, amerudi kutoka pangoni na matope magotini. Tumechoka. Miaka yote hii tunatafuta jambo moja tu, jinsi korona ya popo inavyovuka ikamwingia mtu, na jioni napanda kilima cha Niboye, ninakoishi, sijui zaidi ya nilivyojua asubuhi.
Nyumbani Damas alikuwa ananisubiri. Ndiye mwenye nyumba wangu, fundi wa kuchomelea. Amekulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo Kiswahili chake hakinipi shida. Popo wamejaa darini kwake. Harufu, mikwaruzo usiku kucha. Anataka waondoke.
Popo kazini, popo nyumbani.

Jumatano, 8 Oktoba
Tumepanda darini, mimi na Faustin, tumejifunika mpaka macho. Popo wadogo, wanaokula wadudu. Majike wengi wana watoto, wekundu, hawana hata manyoya.
Nimewaeleza Damas na mkewe Vestine. Msubiri watoto waweze kuruka. Wakishatoka wote jioni moja, tutaziba matundu. Mkiwasumbua sasa, popo aliyeshtuka hutoa virusi vingi zaidi, na vumbi la mavi yao litawaingia puani.
"Mpaka lini?" Damas akauliza.
Mwisho wa mwezi ujao.
"Sawa, dada."
Sikuipenda ile sawa.

Alhamisi, 16 Oktoba
Majibu. Mavi ya darini yana korona. Sikushtuka. Popo wengi wanayo na hawaugui.
Kilichonishtua ni miiba yake. Kirusi huingia kwenye seli kwa miiba. Kama mwiba haupati pa kushika puani mwako, unapiga chafya na habari imeisha. Ila kirusi kinajinakili ovyo, kila mara kinakosea. Karibu makosa yote ni hasara kwake. Halafu siku moja kosa moja linapata pa kushika. Kwa hesabu za kompyuta, hiki cha darini kwetu huenda kikashika kwa mtu. Huenda. Nimelichoka neno hilo.
Nimemwambia Damas asipande kabisa. Akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye simu.

Jumamosi, 25 Oktoba
Umuganda asubuhi, kazi ya pamoja ya mtaa, tumezibua mitaro. Baadaye nikaenda maabara. Niliporudi, moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati.
Damas. Pilipili na majani mabichi kwenye karai. Wanaume wa mtaani walimcheka wakati wa kazi, eti mpangaji wake anamtawala. Popo wameanguka uani kama nguo zilizokatika kamba. Watoto wao wamekufia darini. Na yeye ameshafagia, kavu, bila hata kitambaa puani. Alishuka mweupe kwa vumbi, anatabasamu.
"Iko safi sasa!"
Nilimpigia kelele mbele ya mkewe na majirani. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima. Halafu nikavaa glavu nikaanza kuokota, maana nani mwingine angeokota?

Jumatano, 29 Oktoba
Damas anakohoa. Homa. Nimemchukulia sampuli ya puani, amefumba macho kama mgonjwa wa meno. Nina hasira naye. Nina hofu naye. Sijui ipi inanichosha zaidi.

Alhamisi, 30 Oktoba
Kipo. Kile kile cha darini.
Bosi anasema tulia, inaweza kuwa vumbi tu lililobaki puani. Kweli. Damas amehamia chumba cha nyuma peke yake. Wakubwa wa afya wamearifiwa, wamekuja na kuondoka. Kila asubuhi nitakuwa mimi mlangoni kwake na kijiti. Nilitaka kulala tu.

Jumapili, 2 Novemba
Kimeongezeka kwenye sampuli ya leo. Vumbi halizaani.
Nimekaa kwenye ngazi za maabara kwa muda. Hiki ndicho nilichosomea. Nilidhani siku nikikiona nitasisimka. Nimemfikiria Vestine na pumu yake. Kuvuka kwa mtu mmoja ni hatua moja. Kutoka kwa mtu huyo kwenda kwa wa pili ni hatua nyingine, na hiyo ndiyo inayojaza hospitali. Kila siku ndani ya Damas kirusi kinajinakili, kinakosea, kinajaribu.
Damas alinisikiliza akiwa upande wa pili wa mlango.
"Vestine asikae hapa. Mpeleke kwa dada yake."
Nikamwambia hapana. Asibebe kitu kwenda nyumba ya watu. Akae kwake, tumpime.
Akalia. Nilisikia.

Ijumaa, 7 Novemba
Vestine ameamka anabanwa na kifua.

Jumamosi, 8 Novemba
Hana kirusi. Tumepima mara mbili. Pumu yake ya siku zote, na wasiwasi. Nimerudi nyumbani nikalala na viatu.

Ijumaa, 14 Novemba
Damas hana homa. Sampuli zake sasa hazionyeshi kitu. Karakana yake bado haina mteja. Habari imeenea, watu wanavuka barabara wakifika pale. Majirani wale waliomcheka ndio walio mbali zaidi. Vestine akienda dukani kununua chumvi, wanamwekea juu ya kaunta bila kumgusa mkono.

Jumatatu, 24 Novemba
Damu. Ya Damas ina kingamwili za kirusi kile. Ya Vestine haina. Kiliingia, kikakaa, kikashindwa kuendelea. Safari hii mwiba ulishika, lakini haukushika vya kutosha.
Faustin akauliza kama tusherehekee. Tukanywa chai.

Jumapili, 30 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Vestine amenialika chakula, isombe, kisamvu cha huku, na viazi. Tumekula na mlango wazi. Damas amekonda. Aliniomba radhi tulipoanza kula, haraka haraka, kisha akaniongezea isombe bila kuuliza.
Tulipomaliza akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye mtu wa kwanza kuugua kile kidudu?"
Ningeweza kusema ndiyo. Nadhani ingemfariji kidogo, kuwa wa kwanza wa kitu.
"Hapana, kaka. Wewe ni wa kwanza tuliyemwona. Popo hawako darini kwako tu."
Vestine akakusanya sahani. Tukabaki tumekaa, mimi na Damas, tunatazama maji yakishuka kwenye mabati ya majirani, nyumba baada ya nyumba, mpaka chini bondeni.