Ubavu Wangu wa Kulia

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Jumatatu, 4 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini u mzima wa afya, baridi haijakushika kifua kama mwaka ule, na unakula chakula cha moto, si mkate mkavu huku umesimama jikoni. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako anaendelea kuchomelea mageti ya watu na geti letu bado halifungi. Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayaona huko chini.

Utashangaa kupata karatasi. Simu hupokei, na ujumbe unausoma halafu unanyamaza. Kwa barua huwezi kuniambia mtandao ulikuwa mbovu.

Kazi ipo, namshukuru Mungu. Shule zinakaribia kufunguliwa, nashona sare mpaka usingizini naona kola. Yule mteja wetu mnene anayedai nguo zake zinarudi na kumbana zikifuliwa alikuja tena. Nilimpanulia kiuno cha suruali kimyakimya, akaondoka akiisifu sabuni mpya ya mkewe.

Sasa nikupe habari ya jana. Nakusimulia kana kwamba hukuwepo.

Unajua kwamba Jumapili mchana nafunga mlango wa mbele, nawasha kompyuta pale kwenye meza ya kukatia vitambaa, naingia kwenye mchezo wetu wa vita vya kale. Tangu uliposema kule ghalani unakofanya kazi wamekuhamishia zamu ya Jumapili, nacheza peke yangu. Sikulalamika, kazi ni kazi. Mama huja vilevile, anakaa kwenye kiti cha wateja na bakuli la vifungo mapajani, anavitenga kwa rangi. Zamani alivitenga huku akiongea nawe kwenye spika, anakuuliza umekula nini, nawe unamjibu huku farasi wako wanakimbia. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yake ya wiki nzima, maana simu ya mkononi haisikii vizuri, na hilo unalijua. Siku hizi anavitenga kimya, na akivimaliza anavichanganya upya.

Jana nikapangiwa mpinzani anayejiita Kimyakingi. Jina geni kwangu. Nikapanga jeshi langu lilelile, askari wa mikuki mirefu, bega kwa bega, safu nyuma ya safu. Mbele pale hapapitiki, ni mgongo wa nungunungu. Wenye pupa huja na farasi moja kwa moja kwenye ncha za mikuki, wanakwisha, nami nanyoosha mkono kuchukua chai yangu.

Kimyakingi hakuja mbele. Alituma wapiga kombeo wachache, wakatupa mawe, wakakimbia. Nikasogea. Wakatupa tena, wakakimbia tena. Hasira zikanipanda, nawe unazijua hasira zangu, nikawafuata mpaka kwenye korongo la mawe. Ukuta wa mikuki unataka uwanja tambarare. Kwenye mawe mstari unapinda, mapengo yanafunguka, na askari mwenye mkuki mrefu hageuki upesi, ni kama mtu aliyebeba ngazi kwenye korido. Nilijua nimekosea, nikaanza kurudi nyuma taratibu. Wengi wamewahi kunifikisha hapo na nikapona.

Ndipo farasi wakaja kulia.

Si kushoto, si pande zote mbili. Kulia tu, na wakati uleule nilipokuwa nimegeuza skrini kutazama kushoto. Sasa hebu niambie, mdogo wangu, ni nani duniani anayejua kwamba siwezi kutazama kulia haraka? Kipanya changu kikienda kulia kinagonga cherehani, lazima nikinyanyue, nikirudishe, nikisukume tena. Na cherehani iko pale kwa sababu wewe mwenyewe uliikaza kwa skrubu kabla hujasafiri, ili isitikisike nikishona. Siku ya kwanza nilipolalamika ulicheka, ukasema, "Usijali dada, kulia kwako nitakaa mimi." Na ukakaa. Muda wote tuliocheza upande mmoja, mikuki yangu ilikuwa katikati na farasi wako kulia. Kila mchezaji anajua kwamba ukuta wa mikuki ni mlaini ubavuni. Habari za cherehani unazijua wewe peke yako.

Hata hapo nilijikaza, nikajiambia ni bahati mbaya tu. Askari wangu wakatupa mikuki, wakatawanyika, nikashindwa. Mshindi mwingine angefunga mchezo akaenda zake. Kimyakingi akawakusanya farasi wake, akawazungusha kwenye bendera yake mzunguko mmoja, polepole, kisha akawasimamisha.

Mama akainua kichwa. Katika mchezo huu mama anajua mambo mawili tu: mikuki ni yangu, na farasi wanaozunguka bendera ni wako. Akasema, "Kaja!" Vifungo vikamwagika. "Ongeza sauti, mwanangu, mbona simsikii? Ongeza bwana!"

Sikuwa na sauti ya kuongeza. Nikakuandikia palepale kwenye kisanduku cha ujumbe: Mama yupo hapa kitini, anauliza umekula? Nikangoja. Mama naye akangoja, ameinama mbele na kiganja nyuma ya sikio. Halafu jina lako likatoweka kwenye skrini.

Nikamwambia mtandao umekatika. Ndiyo, nimemdanganya mama kwa ajili yako. Akasema, "Maskini, na kazi zake zile, kajitahidi kuja." Akapiga magoti na goti lake lile kuokota vifungo, akanikataza kumsaidia.

Jana ilikuwa Jumapili, ndugu yangu, saa ya hiyo zamu yako. Na cheo alichonacho Kimyakingi mchezoni hakipatikani kwa siku moja. Amekuwa akicheza muda mrefu, na bila shaka ana wenzake wa kumsifu. Zamu haikuwepo. Umenichezea shere, nami nikawa nakuombea Mungu akupunguzie kazi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekagua nguo za watu maisha yangu yote, yangu sikuikagua. Imeniuma, na sitazungukazunguka kulisema. Kushindwa nimeshindwa mara nyingi, nikalala vizuri. Ila ule udhaifu wangu nilikuonyesha kwa sababu wewe ni wangu, nawe ukautumia kunipiga. Ungesema umetuchoka, au umepata wa rika lako huko, ningenuna wiki moja nikapona. Mtu akitaka kuondoka ubavuni kwangu na aniage, nijue pako wazi. Wewe uliondoka ukaniacha naamini bado upo.

Nimejaribu kukutetea. Nimesema labda mchezo ndio uliotukutanisha, hukunichagua. Lakini uliliona jina langu la mchezoni, Sindano, kabla ya vita kuanza. Ungeweza kutoka. Ungeweza hata kuja mbele kama wenye pupa wengine, ukashindwa, tukaishia hapo. Na hata nikikusamehe ya kulia, bado ulisoma kwamba mama yupo kitini. Hapo utetezi wangu unaishia.

Jibu langu mimi silitaki sasa. Hasira ni zangu, nitazishona mpaka ziishe. Lakini Jumapili mama atakuja na bakuli lake. Leo asubuhi tu, kabla ya kupiga mswaki, ameniuliza kama mtandao umepona. Nimesema nitaangalia. Sitamdanganya mara ya pili. Usiposikika Jumapili, nitamwambia kwamba mtandao haukukatika.

Shemeji yako amezifungua zile skrubu zako leo. Hakuuliza kwa nini, aliona uso wangu akachukua bisibisi. Cherehani tumeihamishia dirishani, na kipanya sasa kinakwenda kulia mpaka mwisho wa meza. Ubavu ule nitaulinda mwenyewe. Kiti cha mama hatukukigusa.

Shemeji anakusalimia, hajui lolote, kwake wewe bado ni mtu mzuri. Shangazi anakusalimia na anauliza utaoa lini, kama kawaida yake. Fundi viatu wa jirani anasema vile viatu ulivyomwachia bado anavyo, na panya wameanza kuvipenda. Salamu za mama sikuletei. Zipo kwake, njoo uzichukue mwenyewe.

Mungu akulinde huko ugenini, mdogo wangu, hasa ule upande ambao huwezi kuutazama.

Wako akupendaye, hata leo,

Dada yako.