Mwenye Mikono

Jumatano, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mkono wa kulia umevimba kama mkate. Meno ya yule daktari kijana yaliingia kwenye kifundo cha kidole. Kwenye simu usinitafute, niliibamiza ukutani siku ile walipotuambia Siafu ana saratani ya damu. Barua hii nampa dereva wa lori la kifusi, anapita hapo hospitali. Jibu mpe yeye.

Najua umekasirika. Nisikilize na mimi. Daktari alisema mtoto ashikwe asitikisike, sindano inaingia uti wa mgongo. Nikamshika. Kazi yangu kuvunja majumba kwa nyundo, mtoto wa miaka sita atanishinda nini. Akachoma, akakosa. Akachoma, akakosa. Siafu kaning'ata mpaka meno yakachoka, jina hilo hukumpa bure. Halafu akasema taratibu, "Baba, mbona unaniua?" Daktari alipokosa tena, mkono wangu haukuniuliza. Walinzi wakaniburuta ngazi nzima. Nikikanyaga pale tena ni polisi.

Mama yake nilishamchimbia kaburi. La pili silichimbi.

Niambie kama dawa imeingia. Niambie kama ananiulizia.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wagonjwa wanajulikana, wazima ndio hatujui tumebaki wangapi. Daktari kashonwa mdomo, chai anakunywa kwa mrija. Marehemu baba naye alidhani ngumi ni neno.

Mwanao hakuulizii. Nikikutaja anageukia ukutani. Alama za vidole vyako bado ziko mikononi mwake, nyeusi. Siku hizi ukimgusa tu damu inavilia. Jana kaniambia, "Yule mwenye mikono asije."

Dawa haijaingia. Nusu kaputi hawampi, kifua kimejaa, wanaogopa hataamka. Tukajaribu kumshika, mimi na wauguzi wawili. Mmoja kang'atwa, mwingine kala teke la tumbo, mimi nilimwachia nikalia. Daktari mkubwa anasema dawa ya mshipani haifiki kichwani. Ugonjwa utakwenda kujificha huko, na ukishajificha huko, basi. Amekubali urudi. Hata yule kijana kasema uje, ila safari hii mikono yote miwili iwe kwa mtoto.

Njoo.

Dada yako

*

Alhamisi, 14 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimesoma. Siji.

Leo mwenzangu mmoja kazini kaniambia wa kufa hafi mara mbili, nizae mwingine. Nikamshindilia kifusi mdomoni mpaka wakanitoa juu yake. Mikono hii ndiyo mnataka niilete?

Akipona ananichukia, nitabeba. Akifa ananichukia, cha mwisho alichokijua ni mikono hii ikimbana? Hilo silibebi. Tafuteni mwingine mwenye nguvu.

Mdogo wako

*

Jumapili, 24 Machi

Wewe,

Salamu sina. Tangu jana Siafu anaona vitu viwiliviwili. Ananiambia, shangazi mko wawili. Kichwa kinamuuma, anakibamiza kwenye chuma cha kitanda, nimekizungushia mito. Mwingine mwenye nguvu unayemtafuta hayupo. Njoo umshike mwanao. Ukingoja kuja kuzika, utanikuta nimelala mlangoni na hunivuki.

Dada yako

*

Ijumaa, 29 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimerudi kazini salama, lori liliniteremsha getini. Wewe walikutoa nje, acha nikueleze yaliyokuwa mle ndani.

Aliponiona alijikunyata. Nikapiga magoti sakafuni. Nikamwambia nitakushika, utaumia, na sikuachii. Ikiisha, unanipiga.

Akafikiri. "Popote?"

"Popote."

"Na wewe hurudishi?"

"Sirudishi."

Nikamkunja, magoti kifuani, kidevu juu ya magoti. Alipiga kelele mpaka sikio likaziba. Yule kijana akachoma mara moja, ikaingia.

Nikamwekea uso. Akakunja ngumi, akanitandika shavuni. Dada, nzi akitua anaumiza zaidi. Akajaribu tena. Akaitazama ngumi yake kama fundi aliyepewa nyundo ya karatasi. Uliponikuta nalia ulidhani ni sindano. Nililia kwa sababu haikuuma.

Nimemwambia zile hazihesabiki. Sindano ijayo atapiga upya.

Mdogo wako

*

Jumamosi, 15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, nalisema taratibu lisisikike. Macho yametulia, sasa niko mmoja. Nywele zimekwisha zote, kichwa kinang'aa, yule daktari kijana anajifanya kujitazamia kovu la mdomo humo. Daktari mkubwa anasema dawa inashika, lakini safari bado ndefu, tusipige vigelegele.

Mwanao anaulizia sindano kama watu wanavyoulizia mshahara. Mto wangu kautoboa kwa mazoezi. Jana kanikuta nimesinzia kanitwanga mbavu, eti alikuwa anapima. Ana maagizo yake kwako, nayaleta kama yalivyo: mwenye mikono aje Jumanne, asichelewe.

Dada yako

*

Jumatano, 19 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi si mzima.

Jana niliondoka bila kukuaga, nisamehe. Nilikuwa nakimbia asinione. Sindano iliingia, akalia kidogo tu, nikamwekea uso kama kawaida. Popote tulikubaliana. Apige na nini, hatukukubaliana. Karudi nyuma, kanipiga kwa kichwa. Kichwa kile kile, dada. Nikasikia pua inavunjika kama kigae. Damu ikajaa shati. Yule kijana alicheka mpaka akakaa chini, kaniambia sasa tuko sawa. Halafu akamkagua Siafu kipaji cha uso kwa kidole, pole pole, sehemu zote. Hakuna uvimbe. Hakuna weusi. Hata alama hakuna.

Mnyapara kaniuliza nani kakufanya hivi. Nikamwambia binti yangu. Kaniambia kama sitaki kusema niache.

Nyundo leo siwezi, nimekaa juu ya kifusi nakuandikia. Nikimeza inauma. Nikiinama inauma. Nikicheka ndiyo balaa, na nacheka hovyo.

Akikuuliza, mwambie haikuuma. Nataka aongeze nguvu.

Mdogo wako,
Baba Siafu