Majani Aliyoyakata Sajini Edmund

Litembo,
kupitia Posta ya Mbinga,
Jumatatu ya Pasaka, 17 Aprili 1995.

Mpendwa Shangazi Serafina,

Shikamoo. Wenzangu wamekwenda kuwatazama wagonjwa hospitali, nami nimebaki mezani na kalamu. Nimeahidi mbele ya Bibi kwamba nitakueleza mambo yote, hata yale yanayonitia haya.

Kwanza, habari za huko Mwanza? Kifua chako kimepona? Bibi anauliza kama bado unaoga maji ya baridi alfajiri, na anasema kama ndivyo, basi usimlalamikie yeye. Hapa tu wazima. Goti lake humsumbua mvua ikinyesha, lakini jana alitembea mwenyewe mpaka kanisani na akakataa kushikwa mkono. Baba ni mzima na anakusalimu. Mimi niko likizo. Kidato cha pili nimekuwa wa tatu, na mwalimu wetu wa Kiswahili anasema anayetaka kuandika vizuri aandike barua ndefu, kwa hiyo univumilie.

Mvua bado zipo. Maharage ya majirani yameshatoa majani mawili mawili. Ya kwetu yamechelewa kidogo, na sababu utaiona.

Barua yako kwa Baba ilifika salama. Uliandika kwamba umesikia kuna mwanaume wa sare anayemwamrisha Shangazi Mdogo, na kwamba hukumtoa mdogo wako Gaudiosa kwa wakwe zake ili aje kuamrishwa na mwingine. Baba aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Jacqueline, wewe ndiye unayekaa naye. Mjibu shangazi yako." Basi nakujibu mimi. Ulichosikia ni kweli, ila hakikufika chote.

Anaitwa Sajini Edmund. Ni Mnyasa wa Lipingo kando ya ziwa, wa kikosi cha zimamoto cha Songea. Tangu biashara ya kahawa ifunguliwe na wanunuzi binafsi kuingia, pale Mbinga kila nyumba yenye bati imegeuka ghala: gunia juu ya gunia, na madebe ya mafuta ya taa pembeni. Ndiyo maana aliletwa, awafundishe walinzi. Ni mtu mzima, alifiwa na mke zamani, hana mtoto, na sauti yake haijui kunong'ona. Akikuambia "habari za asubuhi" unajikuta umesimama wima.

Alikutana na Shangazi Mdogo Oktoba, mchana ule moto ulipopanda kutoka bondeni kuelekea kahawa yake. Kengele ya kanisa ilipolia, yeye alikuwa kwenye lori lililokuja kubeba kahawa, akaruka pamoja na walinzi wake. Sisi tulikuwa tukiupiga moto kwa matawi mabichi, na Shangazi Mdogo yuko mbele ya wote.

"Mama, ondoka hapo," alisema. "Hiyo ni amri."

"Amri ya nani, katika shamba la nani?"

"Amri ya zimamoto."

"Basi zima moto. Mimi niache."

Sajini alichukua ndoo ya maji akammwagia yote, kichwa mpaka miguu, kwa kuwa pindo la khanga yake lilikuwa limeshashika cheche na mwenyewe hajui. Shangazi, mvuke ulimtoka kama umefunua chungu. Aligeuka, tukadhani tawi lile litamshukia Sajini usoni. Yeye akavua koti lake zito la kazi, akamvika mabegani, akaenda kuwapigia kelele wengine. Moto ulizimika, na mibuni iliyoungua ni michache tu ya pembeni. Koti halijarudi mpaka leo. Kwanza lilikuwa linakauka, halafu likawa linashonwa kifungo, halafu ikawa ni baridi.

Baada ya siku ile akawa anakuja Jumamosi, na anachokiita ni ukaguzi. Alikagua jiko, akaamuru kuni zilizoanikwa juu ya mafiga ziondolewe. Shangazi Mdogo akaamuru yeye aondolewe. Wiki iliyofuata kuni zilikuwa palepale, na yeye alikuwa palepale. Akakagua taa, akakagua paa la nyasi la banda la mbuzi. Bibi alikuwa akitazama hayo yote huku akichambua mboga, akaniambia kwa Kimatengo kwamba moto anaoutafuta yule baba hauko jikoni.

Januari mvua kubwa iliwakuta wawili hao jikoni. Mimi na Bibi tulikuwa nyumba kubwa, na tuliwasikia wakibishana kuhusu safari za Shangazi Mdogo za Mbamba Bay. Unajua anashusha maharage ziwani na kupandisha usipa, wale samaki wadogo, na siku hizi hakuna wa kumdai kibali. Sajini alisema malori yale hayafai kupandwa na mtu mwenye akili. Shangazi Mdogo akasema mtu mwenye akili hali mshahara wa serikali peke yake. Halafu kukawa kimya. Kimya kikawa kirefu. Halafu tukasikia harufu.

"Afande," Bibi aliita kutoka barazani, "huko ndani kunaungua nini?"

Chungu kizima cha maharage, Shangazi. Kimekauka na kuwa mkaa mbele ya mtu wa zimamoto. Nilipofika mlangoni walikuwa wamekaa upande huu na huu wa mafiga, wanatazamana, mkono wa mmoja uko ndani ya mkono wa mwenzake, na wote wawili walikuwa na nyuso za watoto waliovunja kioo cha shule. Nilichota maji nikamwagia chungu. Sajini akasema kwa sauti yake ile, "Umefanya vizuri," na Shangazi Mdogo akacheka mpaka akajifuta machozi. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu umlete nyumbani.

Sasa nafika kwenye majani.

Binamu zangu hawajawahi kuona ngolo, kwa hiyo wasomee sehemu hii polepole. Huku kwetu milimani, mwezi wa tatu, mwanaume hufyeka majani marefu na kuyalaza miraba mlimani. Mwanamke huja nyuma na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo ule, kisha hupanda maharage juu yake. Mashimo yanayobaki hushika maji ya mvua, mlima hauporomoki. Mwanamke hafyekewi na mtu yeyote tu. Anayemfyekea ni mume wake, baba yake au ndugu yake. Asiye mmoja wa hao, akifyeka, ameshasema neno lake la posa, na kijiji kizima kimesikia. Mwanamke akiyafukia amekubali. Akiyaacha yakauke au akiyasomba, amekataa.

Shangazi Mdogo hufyeka mwenyewe, kama unavyojua. Watu walimcheka mwanzoni, sasa wamezoea.

Siku moja ya Machi alikuwa ameshuka ziwani na maharage yake. Sajini alifika, akaona majani yamemzidi mtu urefu karibu na kahawa, akakumbuka Oktoba. Kwao Lipingo wanalima muhogo, ngolo hawaijui. Alivua shati, akaazima nyengo ya kufyekea kwa jirani yetu Pankras, akafyeka mteremko wote. Nilimwambia mwenye shamba hayupo. Akaniambia moto nao hauulizi mwenye shamba. Nikamwita Bibi, na Bibi akasema nimwache, eti goti linamuuma, hawezi kushuka huko kumzuia mtu. Goti lake siku hiyo halikuwa na neno.

Pankras naye, kwa utani wake, alisimama kwenye njia akamwambia, "Afande, usiyarundike. Yalaze hivi na hivi, miraba miraba, moto ukija usishike yote kwa pamoja." Sajini akaona ni ushauri wa kitaalamu. Akayalaza yote, yamenyooka kama gwaride.

Shangazi Mdogo alirudi kesho yake na magunia ya usipa. Watu walianza kumpigia vigelegele tangu alipoteremka kwenye lori. Alidhani wamefurahia usipa. Alipofika ukingoni mwa shamba akasimama. Alitua mzigo, akaingia ndani na kufunga mlango.

Pankras alimweleza Sajini maana yake huku akicheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu Sajini alikuwa ameketi chini barabarani, kofia mkononi.

Hapa ndipo nataka unisikilize sana, Shangazi. Mimi niliogopa. Niliogopa atakuja na sauti yake kudai, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa upande wake. Jumamosi alikuja, bila sare. Alisimama nje ya ua na hakuingia. Baba alimkaribisha, yeye akasema, "Asante shemeji, samahani, Mzee Tadei. Mwenye nyumba hajaniita." Alisimama mpaka jua likapinda, akaenda. Jumamosi iliyofuata vivyo hivyo, mvua ikamnyeshea. Majani yalikuwa yanakauka. Wanawake wakienda kisimani walipunguza mwendo kutazama kama jembe limeshagusa. Shangazi Mdogo alikuwa anapika, anapima usipa, anaenda misa, na usiku hakuwa analala. Mimi nalala naye chumba kimoja, najua.

Mara ya tatu ndipo Shangazi Mdogo alipotoka mlangoni, amevaa lile koti.

"Afande, umekuwa mti?"

"Nasubiri."

"Ingia. Kaa chini." Akakaa kwenye kigoda, magoti yamefika kidevuni. Bibi na mimi tulikuwa tunapepeta, wala hatukuondoka.

"Umeona sina mikono ya kufyeka?" aliuliza Shangazi Mdogo.

"Nimeona unayo. Nilidhani ni majani tu."

"Na sasa unajua."

"Sasa najua. Ukitaka niyaondoe, nitayaondoa leo, na nitamwambia kila mtu kosa ni langu. Ukitaka yabaki, nitafurahi kuliko ninavyoweza kusema. Unataka nifanye nini, Gaudiosa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu bila kujua jibu.

Shangazi Mdogo alimweleza kule alikotoka. Alimweleza jinsi alivyokuwa akiomba ruhusa hata ya kwenda kisimani, na jinsi mume alipofariki shemeji zake walivyotaka kumrithi kama jembe, mpaka ulipokuja wewe na mzigo wake ukaubeba kichwani mwako. Aliyasema taratibu, kama anayehesabu nguo. Mwisho akasema, "Nikienda ziwani nitaaga. Sitaomba."

"Utaaga," alisema Sajini, "nami nitasema safari njema."

Kuku mmoja akapita kati yetu. Halafu, Shangazi, Sajini hakuweza kujizuia. "Ila usipande lori lililobeba mafuta ya taa."

Bibi aliangusha ungo kwa kucheka. Shangazi Mdogo alijikaza, akamtazama kwa jicho lile unalolijua, akasema, "Hilo nitalifikiria." Na wiki ile ile alishuka Mbamba Bay. Sajini alikuwa kituoni. Nilimwona akinusa lile lori huku na huku, akafumba mdomo, akasema safari njema.

Kwa hiyo ni kweli anaamrisha. Anaamrisha mbuzi, anaamrisha mvua, hata padre aliambiwa naye asogeze mshumaa. Lakini anapokataliwa hakasiriki, na mlangoni anasubiri. Ninavyoelewa mimi, hayo ni mambo mawili tofauti, nawe uliyeishi zaidi utajua kama nimekosea. Yeye ni Mwanglikana, na padre amesema hilo linazungumzika. Ameomba kuhamishiwa Mbinga moja kwa moja, ili Shangazi Mdogo asiache kahawa yake. Nakiri nilifurahi pia kwa ajili yangu, kwa kuwa sitaki kurudi likizo nikute chumba kitupu.

Juma lililopita Shangazi Mdogo aliamka na jembe. Mimi nilimfuata na mbegu. Wanawake wa kisimani walitua ndoo zao kabisa. Alichimba na kufukia tangu chini mpaka juu, mraba baada ya mraba, na Sajini alikuja kutuletea maji ya kunywa, akatuamuru tupumzike, hakuna aliyempa sikio.

Tulipofika mstari wa juu kabisa, ule unaopakana na kahawa, aliacha. Nilidhani amechoka. Akasema, "Huu ni wa dada Serafina. Yeye ndiye aliyenitoa kule. Udongo hauingii hapa mpaka aseme." Akasimika jembe pale na kushuka. Liko pale mpaka sasa, nami naliona kutoka dirishani ninapoandika. Sajini amelitazama, akauliza barua ya Mwanza inachukua muda gani, na kwa mara nyingine hakuamuru kitu.

Bibi anakusalimu sana na anasema ana mbegu za maharage kwenye kibuyu, amekufungia. Baba Tadei anakusalimu. Pankras anakusalimu na anaomba asitajwe, lakini nilishaahidi yote. Shangazi Mdogo hajui maneno niliyoandika, amesema tu nikuambie kwamba anakula vizuri. Nisalimie mjomba na binamu zangu wote. Mungu wa Pasaka akulindie kifua chako na nyumba yako, na akupe wepesi wa kushika kalamu.

Mvua zinakaribia kukatika, Shangazi, na majani ya mstari wako yameanza kuwa mepesi kiasi kwamba upepo unayainua. Nijibu kwa posta ya kwanza: tuufukie?

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye na akusubiriye,

Jacqueline