Kengele ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

3 Machi

Kwa binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama yako mzima. Zamu zako za usiku wodini zinaendeleaje?

Jana kasisi alitusomea, sisi wazee wa kanisa, malalamiko ya wapangaji wa ghorofa zilizo nyuma ya kanisa: kengele ya asubuhi inyamazishwe. Nikaona sahihi yako. Mwanangu! Mtaa huu ulipokuwa mashamba, kengele ilitangulia paa. Mwaka mzima watu walisali chini ya turubai, kengele ikining'inia kwenye nguzo, bibi yako akisomba mchanga wa kuta. Ghorofa zimetukuta hapa. Mgeni gani humwambia mwenyeji anyamaze?

Ni mimi baba yako.

9 Machi

Baba, shikamoo. Sisi wazima, usingizi ndio mgonjwa.

Historia naijua, umenisimulia tangu nanyonya. Natoka zamu alfajiri, naweka kichwa kwenye mto, ngo! Siyo Jumapili tu, kila siku ya Mungu. Na anayeitwa ni wewe peke yako, maana mwenzako, mtunza kanisa, ndiye anayeipiga! Si akupigie simu?

Binti yako.

10 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Simu! Ngoja nieleze tena, nimefundisha miaka mingi na sijachoka. Sisi Waanglikana, kengele hupigwa kabla ya sala ya asubuhi hata asipokuja mtu, ili aliye kitandani au kazini ajue anaombewa. Ukiwa wodini, unaombewa wewe. Futa sahihi hiyo kabla ya kikao cha wazee wa kanisa Jumamosi. Nasubiri jibu.

Baba yako.

2 Aprili

Binti,

Natumaini u mzima, maana hukujibu. Tumeshindwa kwa kura. Kengele sasa ni Jumapili tu, saa tatu. Kasisi kasema, "Mzee, tusiwaudhi majirani, ndio waumini wetu wa kesho." Waumini gani, na mapazia yamefungwa hadi adhuhuri! Mtunza kanisa naye, aliyekuwa akiniitikia sala, haamki tena. Anasema bila kengele hana kazi asubuhi. Haya, lala.

Baba.

6 Aprili

Baba, shikamoo. Mama hajambo?

Leo nikitoka zamu nilipita kanisani. Taa moja ilikuwa inawaka, nikachungulia dirishani. Ulisoma maneno ya kiongozi, ukatulia, kisha ukajiitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba, kama vile ndio waumini wanaokujibu. Kila mstari hivyo hivyo. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Sikuingia, ningesinzia ukanisema.

Sahihi yangu siifuti, kengele ile inaniua. Lakini baba, kujiitikia mwenyewe?

Binti yako.

7 Aprili

Binti yangu,

Mama yako hajambo, anakucheka. Umesimama dirishani kama mkaguzi wa shule, halafu ukaenda zako! Bado nimekasirika, na kikao kile kilikosea. Nitawaambia tena mwezi ujao, wapende wasipende.

Mlango wa mbele unakwama, usukume kwa bega. Kaa benchi lolote. Itikia utakapoweza. Ukisinzia, sitakuamsha.

Baba yako.