Sakafu Inayozunguka

Cimpunda, Bukavu, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Firmin,

Pokea salamu. Mimi ni mzima. Mama yako bado ni wa kitandani tangu kiharusi. Dada yako Rosalie atapiga picha karatasi hii akutumie.

Unasema mkahawa unaofanyia kazi unazunguka juu ya mnara, watu wakila. Nimejenga nyumba miaka arobaini, sijasikia sakafu ya namna hiyo. Hapa kwetu mlango umekataa kufungika. Jirani Akilimali ananicheka: «Muzee, nyumba yako iko naenda wapi? Uliituma soko?» Ni mbao tu, zimevimba kwa mvua.

Papa yako

Dubai, 6 Oktoba

Papa,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na Mama. Sijambo, ila miguu inauma.

Mlango huo umenitia hofu. Hapa jiko limesimama, ukumbi ndio unaozunguka. Siku ya kwanza nilitoka jikoni na supu, nikampa mtu asiyeiagiza: meza zilikuwa zimesogea. Aliyekaa ndani hahisi kitu. Dirisha pekee ndilo linalosema kweli.

Kaa kitandani kwa Mama, uchore mstari kwenye kioo cha dirisha, sawasawa na msalaba wa kanisa la ng'ambo ya bonde. Utazame tena baada ya majuma mawili.

Mwanao

Cimpunda, 20 Oktoba

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi tupo.

Msalaba umeuacha mstari kwa vidole viwili. Nimepima mara tatu. Mama yako akaniuliza: «Papa Firmin, nani anasukuma kanisa?» Nikamwambia ni macho yake. Sasa kila asubuhi nakisogeza kitanda kidogo, ili auone msalaba pale alipouzoea.

Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu. Usiniambie nihame.

Papa yako

Dubai, 24 Oktoba

Papa,

Nisamehe, leo sianzi kwa salamu. Kilima kinashuka, nanyi mko juu yake. Kusogeza kitanda hakumwokoi Mama. Nimeomba ruhusa ya kuja, wameninyima. Nakupigia magoti: waite vijana wa shirika la parokia wambebe hadi kwa Rosalie, nawe uondoke siku hiyo hiyo.

Mwanao

Cimpunda, 9 Novemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Umeshinda. Vijana wanne watambeba mama yako kesho. Amedai avalishwe kitenge cha Pasaka, majirani wasidhani anafukuzwa.

Mimi nitabaki siku mbili nifungue mabati ya paa. Nikiyaacha, wezi watayachukua. Mvua haijakatika tangu jana.

Papa yako

Dubai, 16 Novemba

Papa,

Hujambo? Rosalie ameniandikia mara tatu. Mama alifika salama, anakunywa uji, mkono wake umeanza kushika kijiko. Kila nikiuliza habari zako, Rosalie ananijibu habari za Mama.

Jana nilipiga simu. Nilipouliza kama kilima kimeshuka, Rosalie akampa Mama simu. Naye akaniuliza mimi: «Papa yako amemaliza mabati?»

Nikamwambia yamebaki machache.

Mwanao