Kati ya Kisomeo na Tableti

Kalemie, Jumanne kiisha Pasaka

Mupenzi yaya Elysée, ndugu yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na shemeki Monique na watoto wote. Mafua yako yalipona? Huku tuko wazima, Mungu anatuchunga. Ziwa lilipanda tena kidogo, likalamba ua wa jirani, kiisha likarudi lenyewe bila kumudhuru muntu. Mashine yangu ya kushona inazunguka, na mvua inanyesha vile inavyotaka.

Najua umekasirika. Uliniuliza neno moja tu: kati ya kisomeo, ile mashine ya kusomea vitabu tu, na tableti nataka nini, uninunulie, Papa Josias aniletee akirudi kutoka huko kwenu Lubumbashi. Ulisema dada yako, aliyekuwa anasoma hata karatasi ya kufungia sukari, hawezi kukaa bila vitabu tangu maji ya ziwa yaharibu sanduku lake la vitabu. Mimi nikanyamaza miezi yote hii. Shemeki alinipigia akauliza kama ninachagua mutambo ao ninachagua mume. Nilicheka, yaya, nikacheka kupita kiasi.

Kwa simu sikutaka kujibu, maana wewe simu unaiweka sauti juu, na uwanja muzima unasikiliza mambo ya wantu. Njo maana ninaandika.

Mimi tofauti ya vitu hivi sikuijua, nikaenda kuuliza kwa Papa Germain, yule mujane anayetengeneza simu na redio karibu na gare ya treni. Alikuwa navyo vyote viwili, vya kwake. Alikataa kunishauri. Alisema viatu havichaguliwi kwa masikio, nivivae kwanza. Akaniazima tableti, nikae nayo mpaka nitakapoichoka.

Tableti ni nzuri, sitadanganya. Lakini jioni ya kwanza watoto wa avenyu nzima walijaa kwangu kuangalia mupira. Mama Denise alikuja kupimwa bluzi, akaketi kuangalia filamu mpaka bukari yake ya unga wa muhogo ikaungua nyumbani. Betri ikaisha kabla giza halijaingia, na umeme wa kwetu unaujua, ni mugeni asiyeaga. Nikiitoa nje kwenye jua, sioni maandishi, naona sura yangu tu, na jasho lake. Nilisoma ukurasa mumoja, tena nusu.

Nikairudisha, akanipa kisomeo. Hicho rangi yake ni ya muchanga uliolowa. Watoto walikiangalia, wakasema kimekufa, wakajiendea. Ee yaya, amani gani hiyo! Nilikitoa mpaka ufukoni, jua la saa sita likiwaka, na herufi zikabaki zimetulia kama za kitabu. Umeme hakiombi ovyo. Nilikuwa nasoma, na mulio wa maji unakwenda mbali, mbali, mpaka sijui kama niko Kalemie ao katika ule muji wa hadithi unaoanguka theluji. Siku moja nilirudi kutoka huko nikakuta pasi ya makaa imekula mukono wa bluzi ya Mama Denise. Nilimushonea ingine, lakini kanisani bado anaisimulia.

Basi nilikuwa nimeshachagua tangu juma lile. Sasa kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu muntu aliyekwisha kuchagua anarudisha vya wenyewe na kukaa kwake. Mimi nilitafuta maulizo. Leo naenda kuuliza vitabu vinaingia vipi, kesho naenda kuuliza vinatoka vipi. Papa Germain anajibu polepole, kwamba haraka haraka haina baraka, kiisha ananiomba nisome kidogo, eti aone kama nimekizoea. Ninasoma pale kwenye benchi lake. Mikono yake inasimama, kichwa kinainama, makelele ya barabarani yanafifia, na mchana unatuacha bila sisi kujua. Nikirudi nyumbani nasahau hata chumvi niliyotumwa na sufuria yangu mwenyewe.

Jambo moja lilikuwa linanichoma. Kwenye kisomeo chake herufi zilikuwa kubwa sana, ukurasa muzima maneno machache tu. Nilizani alizikuza kwa ajili yangu, nikanuna, kwani mimi ni kikongwe? Mpaka siku nilipomuona anapapasa skrubu kwa ukucha, vile sisi washonaji tunavyotafuta tundu la sindano macho yakianza kutuacha. Nilimuuliza wazi, sikuzunguka. Akaweka bisibisi chini, akaniambia kwamba daktari wa macho alishamweleza: mishipa inakufa polepole, dawa inachelewesha tu, hairudishi. Anaona kama muntu anayechungulia kupitia mvuke wa chungu. Kitabu chote, mwanzo mpaka mwisho, hajakisoma tangu mwaka uliopita, isipokuwa vile ninavyomusomea mimi.

Tangu siku hiyo akaanza kunisukumia tableti. Alisema nichague hiyo, maana inaweza kusoma yenyewe kwa sauti, nisichoshe koo langu juu ya muzee. Akaniwashia nisikilize. Yaya, ile kitu inasoma Kiswahili kama padri wa Ulaya aliyeshuka meli jana! Haipumziki, haishangai, muntu anakufa ndani ya hadithi nayo inapita tu. Nilicheka mpaka machozi, na machozi hayo hayakukubali kukauka. Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananifungulia mulango niondoke kabla giza halijafika.

Mapenzi ni kikohozi, yaya, hayafichiki, na mimi nimechoka kuziba kinywa. Ninamupenda Germain. Nilimwambia mwenyewe, mimi mwanamuke muzima. Akanijibu kwamba fundi asiyeona ni muzigo, na kwamba wewe ndugu yangu mukubwa utamuuliza atanilisha nini. Nikamwambia mashine yangu ya kushona haijafa, na mikono yake inajua redio hata akifumba macho. Kiisha akauliza, kwa sauti ndogo, wajomba wake wakupigie wewe siku gani kuniposa.

Kwa vile Papa hayuko tena, mulango wetu ni wewe. Wakipiga, ninakuomba kwa magoti, usianze na macho yake. Uliza kwanza ni muntu gani. Ukikataa, nitakutii kwa sababu wewe ni baba yangu sasa, lakini ujue utakuwa umenirudisha kwenye nyumba ile kimya, na kimya chake ninakijua tangu nizike mume wangu. Ninaogopa jibu lako kuliko nilivyowahi kuogopa maji.

Msalimie sana shemeki, mwambie aliotea vizuri. Watoto wabusu wote, na yule mudogo mumupunguzie pipi. Papa Josias nimemupa ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, waliokaushwa vizuri, msiwape majirani kabla hamujaonja.

Na ile zawadi, kama bado unataka kunipa: nunua kisomeo. Muulize muuzaji mara mbili kama kinasema, na kama kinasema, kiache hapo hapo dukani. Kusoma kwa sauti nitasoma mimi.

Ni mimi mudogo wako anayekupenda,

Rosine